Yule Kijana Aliyepotea Bama

Katika koo nyingi za Tanzania, Kenya na Uganda husikika neno hili: “Babu yenu mdogo alipotea Bama.” Basi, mazungumzo huishia hapo. Kijana hakuoa, hakuacha mtoto, wala kaburi lake halionekani. Ndugu zake wakiisha kufa wote, na jina lake litakufa. Mdogo wake aliyekuwa na miaka 6 mwaka 1944 sasa amepita 85. Kwa hiyo kazi ya kumtafuta ni ya leo, si ya kesho.

Alikwenda wapi?

Katika Vita Kuu ya Pili, 1939 hadi 1945, vijana wengi waliandikwa askari wa King's African Rifles, ambao watu waliwaita Keya. Bataliani za Tanganyika zilikuwa na namba zake: 6, 26, 36, 46. Mzee akikumbuka namba moja tu, mmekwisha pata njia. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw, huko Burma, wakati wa mvua kubwa, katika matope na malaria, ikiwafukuza Wajapani. Mwezi Desemba wakaingia Kalewa, penye mto Chindwin.

Wengine hawakufika hata huko. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, manowari ya Kijapani iendayo chini ya maji iliipiga, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu karibu 1,300, na kati yao mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Tuanzie wapi?

Kwanza, waulizeni wazee, tena mwandike katika daftari. Andikeni jina lake la utoto, jina la ubatizo, majina ya wazazi, kijiji, na jumbe wa siku zile. Yote yatafaa, maana karani wa jeshi aliandika alivyosikia. L ikawa R, na mara nyingi kijana aliandikwa kwa jina lake na la baba yake, bila jina la ukoo. Msipomwona kwa jina moja, jaribuni lingine.

Pili, nendeni parokiani. Mwombeni Padre kwa heshima awatazamie kitabu cha ubatizo. Humo yamo majina ya baba, mama na msimamizi. Pembeni huandikwa Kipaimara na ndoa; pasipo na ndoa, yaelekea hakuoa. Jina la mama msilidharau. Litawafikisha kwa wajomba, nao pengine wana barua au picha ambayo upande wa baba hawajapata kuiona. Na watoto wa msimamizi wake waulizwe pia.

Tatu, iko Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa 1917. Orodha yake ya majina husomwa bila malipo katika intaneti; kijana mwenye simu aweza kuwasaidia wazee. Waliokufa Burma bila kaburi kujulikana wameandikwa katika Ukumbusho wa Rangoon, huko Taukkyan, wenye majina karibu 27,000. Baadhi ya waliozama baharini wameandikwa Nairobi, katika makaburi ya vita ya barabara ya Ngong.

Lakini wale wapagazi wa vita ya 1914 hadi 1918, wengi wao hawakuandikwa popote. Mwaka 2021 Tume hiyo ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina. Kwao hao, kitabu ni kinywa cha mzee. Kikifumbwa, hakuna kingine.

Basi wazazi, jioni hizi waketisheni watoto karibu na bibi na babu, mmoja aandike. Nakala moja ikae nyumba nyingine, maana mchwa na moto havina huruma. Na mwezi wa Novemba, mnapompa Padre majina ya marehemu wenu, yule kijana wa Bama asisahauliwe. Alitoka nyumbani kwenu na jina lake. Jina hilo na lirudi.