Bomba huziba kaskazi, maji hurudi masika

Joto la kaskazi likishika, tangu Disemba mpaka Machi, sisi wa mwambao hulalamikia mambo matatu: usingizi, stima na maji ya mfereji. Bomba la maji taka halimo katika orodha. Hulikumbuka mwezi wa Mei, mvua ikiwa imesimama mlangoni na choo cha chini kinarudisha kilichotiwa. Hapo fundi huitwa usiku, bei huwa yake, na lawama zote hutupiwa mvua. Mimi nasema mvua inasingiziwa. Bomba la nyumba huzibwa wakati wa jua, kidogo kidogo, na mvua huja kututangazia tu.

Stashahada niliyo nayo ni ya mambo ya biashara, si ya ujenzi. Haya nimeyaokota kwa kusimama karibu na mafundi wakifanya kazi na kuuliza maswali mpaka wanichoke. "Bomba halizibi siku moja, shehe," aliniambia mzee mmoja wa Majengo huku akivuta kwa waya kitu mfano wa ugali wa kijivu. "Hulishwa."

Sasa kwa nini hulishwa zaidi kaskazi?

La kwanza ni uchache wa maji. Maji ya Mombasa husafiri kutoka mbali. Ya Mzima huja kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 lililotandikwa miaka ya 1950, na ya Baricho husukumwa kwa mitambo kutoka kando ya mto Sabaki. Mfereji ukikauka twanunua mitungi ya lita 20 kwenye mkokoteni, na maji ya kununua hayamwagwi ovyo. Twaosha vyombo kwa beseni moja, choo twakimwagia kwa kopo. Lakini bomba la choo la inchi 4 limetengenezwa likitegemea maji yapite kwa kishindo. Mafundi hulilaza kwa mteremko wa kama sentimita mbili na nusu kwa kila mita, ili maji na uchafu viende pamoja. Ukitia kopo moja, maji hutangulia na uchafu hubaki njiani, kisha joto hufanya kazi yake na mabaki hukauka yakashika ukuta wa bomba. Kopo la pili hupita juu yake.

La pili halisemwi sana, nalo ni maji ya kisima. Kisiwa chetu na sehemu kubwa ya pwani hii imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa. Maji yanayokaa ndani ya mwamba huo hubeba chokaa, ndiyo maana ukifulia maji ya kisima sabuni haitoi povu, bali hutoa utando mweupe kama maziwa yaliyokatika. Utando ule ni sabuni iliyoshikana na chokaa, na hauyeyuki tena katika maji. Huganda ndani ya bomba la bafuni na la sinki ukawa ukoko, na kila unywele na kila chembe ya mchanga hupata pa kushika. Kaskazi ndipo watu wengi huhamia kisimani. Basi katika msimu mmoja tumepunguza maji na tumeongeza ukoko.

La tatu ni jikoni, na hapa nawaomba radhi mama na dada zangu, maana sisi wanaume twala tu na kuuliza kwa nini sinki halishuki. Miaka hii Ramadhani imeangukia Februari na Machi, katikati ya joto. Ni mwezi wa karai: viazi karai, bajia, sambusa, kaimati, mahamri ya daku. Mafuta yanayobaki huishia wapi? Nyumba nyingi humiminwa katika sinki yakiwa ya moto, na kwa kuwa yanapita vizuri mtu huona yamekwenda. Mafuta ya nazi yana afueni, kwani hayagandi mpaka joto lishuke chini ya nyuzi 24 hivi, na hapa kwetu ni nadra bomba kupata baridi hiyo. Lakini yale mafuta ya kuganda ya mkebe, ambayo hata mchana wa Februari hukaa kama siagi rafuni, yakishaingia bombani hurudi katika hali yake. Hata mafuta ya maji, yakichanganyika na chokaa na mabaki ya unga kwa siku nyingi, hugeuka kitu kama nta.

Juu ya mafuta ongeza machicha ya nazi. Kifumbu kikishakamuliwa tui na kusuuziwa sinkini, nyuzinyuzi zile hushuka zikasukana kama kamba. Wali nao huvimba. Unga wa bajia ulioshika bakuli hufanya kazi ya gundi. Na wiki ya mwisho kabla ya Idd huja hina: vikombe na sahani zenye hina iliyokauka huoshwa bafuni, na vumbi lile la majani hukaa chini ya kona ya bomba pamoja na nywele. Hina ikwanguliwe kwanza na kutupwa jaani, mkono uoshwe baadaye.

Dawa ya haya yote ni rahisi kuliko ugonjwa. Mafuta yaache yapoe, yamimine katika chupa au mkebe wenye kifuniko, na yasiyofaa tena yachanganye na majivu au machicha makavu uyatupe na taka. Karai na sahani zipanguse kwa gazeti kabla maji hayajazigusa. Kazi hii ni ya dakika moja, na kwa maoni yangu hupunguza nusu ya tabu za sinki. Machicha wape kuku, au jirani mwenye kuku. Kila tundu la maji, la jikoni na la bafuni, litiwe chujio. Kama hela za chujio hazipo, kipande cha wavu wa dirishani wa kuzuia mbu kikikunjwa mara mbili hutosha. Mahali pa kutilia udhu pafagiwe mchanga kabla ya kupigwa maji, hasa nyumba zenye watoto wanaotoka pwani na miguu yao.

Na maji je, wakati hayapo? Usiyamwage kidogo kidogo. Maji ya kusuuzia nguo yahifadhi katika ndoo, yachuje nyuzi za nguo, kisha mara moja kila siku yaingize chooni kwa mkupuo, ndoo nzima kwa nguvu. Sinki nalo mara moja kwa wiki lizibe tundu, lijaze, kisha liachie lote kwa pamoja. Lita 20 zinazokwenda kwa kishindo husukuma uchafu kuliko lita 40 zinazodondoka. Maji ya moto yanafaa, lakini si yanayochemka: mabomba ya plastiki mengi hulegea viungoni joto likipita nyuzi 60. Isitoshe, maji ya moto peke yake huyeyusha mafuta hapa na kuyapeleka yakagande mita tano mbele, usikoweza kuyafikia.

Si kila harufu ni kuziba. Chini ya sinki na chini ya tundu la bafuni pana kona iliyopinda kama herufi U, ambayo kazi yake ni kubakisha maji kidogo ili hewa ya shimoni na mende wasipande ndani. Bafu la wageni lisilotumiwa, kwa joto hili, kona hiyo hukauka baada ya wiki chache na nyumba ikanuka. Mtu huita fundi, fundi hula pesa. Mimina jagi la maji, juu yake kijiko cha mafuta ya kupikia ili yasikauke upesi, usubiri. Lakini ukisikia bafu linaguguna wakati sinki linashuka, au maji ya choo yanapanda kabla ya kushuka, hapo kuziba kumeanza.

Watu wakiona dalili hizo hukimbilia dukani kununua kostiki soda. Inafanya kazi, sikatai: hugeuza mafuta kuwa sabuni. Lakini ukiitia nyingi kwa maji machache hushikana ndani ya bomba ikawa jiwe. Usiichanganye katika sufuria ya alumini, kwani huila sufuria ikitoa gesi inayoshika moto. Tumia ndoo ya plastiki, maji yatangulie, soda ifuate kidogo kidogo. Kabisa usitie asidi ya choo kisha ukaongeza dawa ya kung'arisha nguo ukidhani mbili ni bora kuliko moja: zikikutana hutoa gesi ya klorini, na bafu zetu nyingi zina dirisha la ukubwa wa kitabu. Anza na ule mpira wenye mti wa kushikia, kisha waya wa fundi. Nyumba zenye mwembe au mwarobaini karibu na ukuta, waya ukirudi na mizizi usishangae. Wakati wa ukame mti hutafuta unyevu, na kiungo cha bomba kinachovuja ndicho kisima chake.

Wanaokaa magorofani wana jambo lao. Bomba la kushukia ni moja, na likiziba chini, uchafu wa ghorofa ya tatu hutokea bafuni kwa mpangaji wa chini. Katika jengo moja ninalolijua, mama wa makamo anayekaa chini alipanda ngazi kila mlango akisema, "Wanangu, mafuta yenu nayala mimi." Kila nyumba ilijibu si sisi. Hapa haki ya jirani si maneno ya mimbarini tu. Wapangaji wachange, chemba ifunguliwe na kusafishwa mwezi wa Februari au mapema Machi, kabla ya wingu la kwanza.

Mkishafungua chemba, tazameni pia kama mfereji wa mapaa umeunganishwa na bomba la choo. Nyumba nyingi zimefanya hivyo ili kuokoa gharama, na ndiyo sababu mvua ya nusu saa hurudisha choo sebuleni. Maji ya paa yaende tangini au kwenye mtaro wa mvua. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, lakini chupa na pampasi zingali mtaroni, na mtaro uliojaa hauna pa kupeleka maji yako hata bomba likiwa safi. Tukumbuke pia kwamba sehemu ndogo tu ya Mombasa ina mabomba ya jumla ya maji taka. Wengi wetu tuna shimo. Linapofurika, yanayomwagika hupenya mipasuko ya ule ule mwamba wa matumbawe na kuingia katika visima tunavyovikimbilia mfereji ukikauka. Kipindupindu hakihitaji mlango mwingine.

Shimo likijaa, liitwe gari la kunyonya. Msikubali kijana wa kibarua ashuke na ndoo. Ndani ya shimo, zaidi katika joto hili, hukusanyika gesi inayonuka kama yai viza, na ikizidi huua pua kwanza: mtu huacha kuisikia, akadhani imekwisha, kisha huanguka. Anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake. Mfunguzi wa kifuniko asimame upande unaotoka upepo, watoto wawekwe mbali, sigara izimwe. Kijana akisema amezoea, mlipeni siku yake na mmwambie abaki juu.