Kupunguza Unene Pasipo Kujiumiza

Katika mji wetu wa Likasi mtu akinenepa watu humsifu. Humwambia, "Mama, umependeza, baba anakutunza vizuri." Lakini akianza kupungua, hata kidogo, majirani huulizana kwa sauti ya chini, "Ana nini? Mbona ameisha hivi?" Kwa sababu hiyo wako wengi ambao mganga amewaambia wapunguze uzito, nao wanaona haya kufanya hivyo. Wanaogopa maneno ya watu kuliko ugonjwa wenyewe.

Tena wako wengine wanaotaka kupungua upesi, katika juma moja au mawili. Hao hunywa dawa za kuharisha, au hukaa siku nyingi bila chakula, kisha huletwa hospitalini hawana nguvu. Somo hili ni kwa ajili ya watu wa namna zote mbili. Tunataka kuwaonyesha njia ya katikati, iliyo ya polepole na isiyo na hatari.

Hatuwaandikii wenye njaa. Twajua ya kuwa katika nyumba nyingi shida ni kupata chakula, si kukipunguza. Tena mwenye mimba, mama anyonyeshaye, mtoto anayekua, na mgonjwa wa kifua kikuu wasijipunguze uzito kwa shauri lao wenyewe. Kwanza wamwone mganga.

CHAKULA CHA MCHIMBAJI, KAZI YA KARANI

Kumbuka habari za babu zetu. Zamani, mji huu ulipoitwa Jadotville, yaani kabla ya mwaka 1966, kampuni ya Union Minière iliwapa wafanyakazi wake posho: unga wa mahindi, nyama au samaki, karanga na mafuta. Watu wale walifanya kazi ya mikono katika migodi na penye moto wa kuyeyusha shaba. Walikwenda kazini kwa miguu, na wake zao walitwanga, walichota maji na kulima. Bukari nyingi waliyokula iliishia katika jasho lao.

Baadaye, katika miaka ya 1990, kazi za Gécamines zilipoanguka, nyumba nyingi zilionja njaa. Waliopita katika njaa ile hawapendi kuambiwa, "Kula kidogo." Hatuwalaumu.

Lakini leo yuko mjukuu anayekaa siku nzima katika ofisi au penye meza ya sokoni. Huenda kazini kwa pikipiki ya kukodi na kurudi vilevile. Unga wake husagwa kwa mashine. Hata hivyo bukari katika sahani yake ni kubwa kama ile ya babu. Chakula ni kama kuni za mwili. Zikiwa nyingi kuliko moto unaohitajika, mwili hauzitupi. Huziweka akiba, na akiba hiyo ni mafuta yaliyo tumboni, kiunoni na mapajani.

KWA NINI UNENE MWINGI UNADHURU

Unene mwingi huongeza hatari ya tansio, yaani damu kusukuma kwa nguvu katika mishipa. Huongeza pia hatari ya ugonjwa wa sukari, ugonjwa wa moyo, na kupooza upande mmoja. Magoti na mgongo huchoka kwa kubeba mzigo. Tansio mara nyingi haina maumivu. Mtu aweza kuimba katika kwaya siku ya Bwana, na siku ya tatu akaanguka. Ndiyo maana yatupasa kupima, wala si kungojea dalili.

JINSI YA KUJIPIMA

Njia ya kwanza: chukua uzito wako kwa kilo, uugawe kwa urefu wako kwa meta, kisha ugawe tena kwa urefu ule ule. Tuseme yuko mama mwenye kilo 80 na urefu wa meta 1.60. Ukigawa 80 kwa 1.60 unapata 50. Ukigawa 50 kwa 1.60 unapata 31 na kidogo. Kwa mtu mzima, 18.5 hata karibu na 25 ni uzito mzuri. 25 na kuendelea ni uzito uliozidi. 30 na kuendelea ni unene wenye hatari.

Njia ya pili: pima tumbo kwa utepe wa fundi wa nguo, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Mwanamke akipita sentimeta 80, na mwanamume akipita 94, hatari imeanza. Mwanamke akipita 88, na mwanamume 102, hatari ni kubwa.

Yule mama wa kilo 80 asikate tamaa akifikiri ya kuwa imempasa kurudi katika uzito wa usichana wake. Akipunguza kilo 4 hata 8 tu, tansio na sukari yake huweza kuwa bora. Nayo yatosha nusu kilo kwa juma, wala asipite kilo moja. Basi kazi yake ni ya miezi miwili hata minne, si ya siku kumi.

MAMBO YA KUBADILI KATIKA CHAKULA

Nguvu ya chakula hupimwa kwa kaloria. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kaloria karibu 350. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, yawe ya ngazi au ya dukani, kina kaloria karibu 120. Chupa ndogo ya kinywaji cha sukari ina karibu 140, na chupa kubwa ya bia karibu 300. Mtu akiondoa kaloria karibu 500 kwa siku, kwa kawaida hupungua karibu nusu kilo kwa juma, hasa katika majuma ya kwanza. Tazama basi: bukari pungufu kwa gramu 100 za unga, na kijiko kimoja cha mafuta kisichotiwa katika mboga, ni karibu kipimo hicho. Hakuna haja ya kukaa na njaa.

1. Uwe na sahani yako. Ukila katika sahani moja na wengine, hujui umekula kiasi gani. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo iwe bukari, wali au viazi, na robo iwe maharagi, samaki, yai au nyama isiyo na mafuta.

2. Usiache mboga zetu. Lenga-lenga, matembele, majani ya maboga na sombe ni chakula chema. Lakini sombe ikielea katika mafuta ya ngazi na karanga nyingi, inakuwa chakula kizito. Pima mafuta kwa kijiko, usiyamimine kutoka chupani.

3. Angalia vinywaji. Chai yenye vijiko vinne vya sukari, mara tatu kwa siku, ni vijiko kumi na viwili. Punguza kijiko kimoja kila juma, na ulimi wako utazoea. Munkoyo usiotiwa sukari ni bora kuliko kinywaji cha sukari cha chupa, na maji safi ni bora kuliko vyote.

4. Vitumbua vya barabarani vimenyonya mafuta. Kiazi kitamu cha kuchemsha, au hindi bichi la kuchemsha, hushibisha vizuri zaidi.

5. Punguza chumvi, hasa wewe mwenye tansio. Kiasi cha siku nzima kisipite kijiko kimoja kidogo, na hesabu hiyo ina pamoja na chumvi iliyo ndani ya makayabo na vidonge vya kukolezea mchuzi. Makayabo yaloweke usiku kucha, ukibadili maji.

6. Usiruke chakula cha asubuhi ili kula mlima wa bukari usiku. Kula polepole. Baada ya sahani ya kwanza, ngoja kidogo kabla ya kuongeza. Mara nyingi utaona ya kuwa umekwisha kushiba.

Ukikaribishwa, usimdharau mwenye nyumba. Chukua kidogo, kula kwa furaha, kisha sema, "Asante mama, chakula chako ni kitamu, nimeshiba kweli." Hakuna dhambi katika kushiba mapema.

KUUTUMIKISHA MWILI

Mtu mzima yampasa kupata angalau dakika 150 za kazi ya mwili kwa juma. Ndizo dakika 30, siku tano. Huhitaji chombo cha fedha. Mji wetu una vilima. Kupanda kilima kwa miguu ni kazi njema kwa moyo. Mkaaji wa Kikula aendaye mjini na ashuke katika pikipiki kabla ya kufika, amalize safari kwa miguu. Kulima wakati wa mvua, kuchota maji, kufagia uwanja, kucheza mpira na watoto, yote huhesabiwa.

Anza na dakika 10, uongeze juma kwa juma. Kipimo ni hiki: uweze kusema ukitembea, lakini usiweze kuimba. Nenda asubuhi na mapema, katika njia za ndani, mbali na vumbi la malori ya madini. Ukiona maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi kukatika, simama, uje hospitalini siku ile ile. Mgonjwa wa sukari avae viatu vinavyomfaa na kutazama nyayo zake kila jioni, maana kidonda kidogo kwake chaweza kuwa kikubwa.

Wala usitegemee matembezi peke yake. Mwendo wa nusu saa huweza kufutwa na chupa moja ya kinywaji cha sukari. Chakula na mwendo ni kama mabawa mawili ya ndege.

MAMBO YA HATARI

Usinywe dawa za kuharisha wala usijipige bomba ili upungue. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili, si mafuta. Moyo waweza kuharibika kwa kukosa chumvi hizo. Usinunue vidonge vya kukondesha sokoni, hata kama muuzaji asema ni vya majani tu.

Vilevile, dada zetu, acheni vidonge vya kunenepesha. Kimojawapo huitwa deksametazone. Ni dawa halisi ya hospitali, lakini akiinywa mtu ili apate makalio, huweza kupandisha tansio na sukari na kudhoofisha mifupa. Kama umeinywa muda mrefu, usiiache ghafula. Njoo umwambie mganga bila haya, naye atakuonyesha jinsi ya kuiacha kidogo kidogo.

Mgonjwa wa sukari anayetumia dawa asipunguze sana chakula wala asifunge kabla ya kuongea na mganga. Dawa ikibaki ile ile na chakula kikipungua, sukari katika damu huweza kushuka mno, naye atatetemeka, atatoka jasho, hata aweza kuzimia. Mchungaji, ukitangaza siku za kufunga na kuomba, waambie wagonjwa hawa ya kuwa wanaweza kuomba pamoja nanyi huku wakila. Na mwenye tansio asiache vidonge vyake kwa sababu amepungua. Ni mganga atakayesema kama vyaweza kupunguzwa.

KUPUNGUA KUZURI NA KUPUNGUA KUBAYA

Turudi kwa majirani na maneno yao. Hawakukosa kabisa. Wameona watu wengi wakikonda kwa kifua kikuu, kwa ukimwi, na kwa huzuni. Basi tujue tofauti. Mtu anayepungua vizuri amekusudia mwenyewe, hupungua polepole, na nguvu zake huongezeka. Apungukiwaye pasipo kukusudia, tena akiwa na kikohozi cha majuma mawili au zaidi, homa, jasho la usiku, kiu nyingi na kukojoa mara kwa mara, huyo ni mgonjwa. Asingoje, aje apimwe.

Wewe uliyekusudia, uwaambie watu wa nyumbani mwako tangu mwanzo: "Mganga ameniambia nipunguze, kwa ajili ya tansio yangu." Neno hili likijulikana, masengenyo hukosa chakula. Wewe mume, usimzuie mke wako kwa kuogopa watu watasema humlishi. Na wewe mke, usiongeze bukari katika sahani ya mumeo ili aonekane bwana mkubwa. Afadhali mume mwembamba aliye hai kuliko picha ya mume mnene ukutani.

Mtume Paulo aliwafundisha Wakorinto ya kuwa mwili wa mwamini ni hekalu la Roho. Hekalu hatuliachi lianguke, wala hatulibomoi kwa haraka ili kulijenga upya. Tunalitengeneza jiwe kwa jiwe. Basi jipime leo, andika uzito wako katika karatasi pamoja na tarehe, kisha jipime tena mara moja kila juma, siku ile ile, saa ile ile.

MASWALI

1. Kwa nini bukari iliyomfaa babu inaweza kumzidi mjukuu?
2. Mtu apungue kilo ngapi kwa juma?
3. Dawa ya kuharisha inaondoa nini mwilini?
4. Ni nani asiyepaswa kufunga bila kuongea na mganga?
5. Tutajuaje tofauti ya kupungua kuzuri na kupungua kwa ugonjwa?