Safari za Wanafunzi: Matembezi au Masomo?

Katika maongezi ya leo twataka kusema juu ya jambo linaloleta maneno katika nyumba nyingi, yaani safari za masomo wanazokwenda watoto wetu wa shule za sekondari. Mtoto hurudi nyumbani na barua ya mwalimu mkuu. Barua yasema kwamba siku fulani darasa zima litakwenda kutazama mahali fulani, na kila mzazi aombwa kulipa nauli na chakula. Baba huisoma barua mara mbili, kisha huuliza, “Karo nimelipa, vitabu nimenunua, sasa nilipe na matembezi?”

Swali hili si la ubahili wala si la ujinga. Ni swali la haki, maana fedha hiyo pengine ndiyo iliyowekwa kununulia mbegu za msimu. Basi yatupasa kulijibu kwa kweli. Safari yaweza kumfundisha mtoto mambo ambayo ubao na chaki havimfikishii; tena yaweza kuwa matembezi matupu. Kinachozitenga safari hizi mbili ni swali. Darasa lililoondoka na swali hurudi na jibu, au hurudi na swali kubwa zaidi. Darasa lililoondoka bila swali hurudi na vumbi.

Ili jambo hili lieleweke, tutwae mfano mmoja. Katika pwani ya Kenya, kusini ya Malindi, karibu na Watamu, yako magofu ya mji wa Gedi. Ulikuwa mji wa Waswahili, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ulistawi kwa karne kadhaa. Kisha wenyeji wake wakauhama katika karne ya 17, na msitu ukaufunika. Mwaka 1927 serikali iliuweka chini ya ulinzi, na mwaka 1948 mtaalamu James Kirkman akaanza kuuchimba. Mwaka 2024 uliandikwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Mpaka leo waonekana msikiti mkuu, jumba la mtawala, nyumba za matajiri, visima na makaburi.

Mwalimu mwenye busara haanzi safari kwa kupakia watoto katika gari. Huanza darasani, siku nyingi kabla, kwa kuwauliza: “Twajuaje habari za watu wasiotuachia kitabu?” Kisha huwagawa katika vikundi, na kila kikundi hupewa jambo lake la kuchunguza. Wa kwanza watatafuta tarehe, wa pili biashara, wa tatu ujenzi, wa nne viumbe wa msitu.

Sasa tuwafuate huko Gedi. Kikundi cha kwanza chasimama mbele ya kaburi lenye maandishi ya Kiarabu, na mwaka ulioandikwa ni 802 wa Hijra. Je, ni mwaka gani kwa hesabu ya Kizungu? Hapa wanafunzi watoe kalamu. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, nao una siku 354, mara nyingine 355. Zidisha 802 kwa 354, wapata siku 283,908. Gawanya kwa siku 365 za mwaka wa jua, wapata miaka 777 na siku 303. Kwa kuwa Hijra ilikuwa mwaka 622, ongeza 622 juu ya 777, nawe wafikia 1399. Hesabu hii ni ya kukadiria, walakini yaleta mwaka ule ule waliouthibitisha wataalamu. Mtoto aliyefanya hesabu hiyo mbele ya kaburi lenyewe amejua kwamba jiwe lasema, ikiwa msomaji ajua kuuliza.

Kikundi cha pili chapita katika nyumba. Wachimbaji walizipa nyumba hizo majina ya vitu walivyovikuta ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Fedha za Kichina. Mwanafunzi mwepesi atasema, “Kumbe Wachina walikaa hapa!” Mwalimu amzuie kwa upole. Fedha ile yashuhudia kwamba biashara ilifika. Haishuhudii kwamba Mchina mwenyewe alilala katika nyumba ile. Yawezekana ilipita mikononi mwa wafanya biashara wengi, bandari kwa bandari, hata ikafika Gedi. Kupambanua kati ya kitu kilichoonekana na maneno yaliyodhaniwa ni elimu itakayomfaa mtoto huyu hata barazani na mahakamani.

Kikundi cha tatu chatazama kuta, na hapa somo la kemia lapata mwili. Mawe ya matumbawe yakichomwa kwa moto mkali hutoa hewa ya ukaa, ikabaki chokaa. Chokaa hiyo hutiwa maji, ikachanganywa na mchanga, ikajengewa. Baadaye ukutani hunyonya tena hewa ya ukaa polepole, ikawa ngumu karibu kama jiwe ilikotoka. Fundi wa zamani hakuwa na kitabu cha kemia, lakini kuta zake zimesimama.

Kikundi cha nne chaenda kando ya magofu, mahali pa vipepeo. Tangu mwaka 1993 wakulima wanaokaa karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke wamekuwa wakifuga viwavi. Kiwavi akisha kujifunga ndani ya ganda lake, huuzwa apelekwe ng'ambo, naye hutoka kipepeo mbele ya watu wanaolipa kutazama. Msitu ukikatwa, mimea ya kulisha viwavi yapotea, na fedha yapotea pamoja nayo. Mtoto aliyekariri darasani kwamba msitu ni mali, hapa amwona mtu anayelipa karo kwa mali hiyo.

Na lile swali kubwa, kwa nini watu wa Gedi walihama? Wengine husema maji ya visima yalipungua. Wengine husema vita na hofu ya maadui. Wataalamu hawajaafikiana. Ni vema wanafunzi waambiwe hivyo wazi, wapate kujua kwamba elimu haijakwisha, na kazi yao ipo.

Safari haimaliziki gari lirudipo. Katika juma lile lile kila kikundi kiandike habari zake na kuzisoma mbele ya wengine. Nawe mzazi waweza kuipima safari kwa maswali matatu: “Mlikwenda kutafuta nini? Umeona nini kwa macho yako mwenyewe? Ni jambo gani hujalijua hata sasa?” Mtoto akijibu, fedha yako haikupotea. Asipokuwa na habari ila ya soda na nyimbo za garini, nenda ukazungumze na mwalimu kwa adabu, ili safari ya pili iwe bora.

Sasa twafikia jambo zito. Tuseme darasa lina watoto 40, na 6 hawakupata nauli. Siku ile 34 huenda, na 6 hubaki. Juma lifuatalo somo lote ni la Gedi, na hao 6 wakaa kimya. Wamejifunza nao, lakini somo walilojifunza ni baya: kwamba maarifa ni ya mwenye nacho. Shule haifai kufundisha hivyo. Afadhali safari fupi ya watu wote kuliko safari ndefu ya baadhi yao. Wazazi waambiwe tangu mwanzo wa muhula wapate kuweka akiba kidogo kidogo. Na asiye na fedha apokewe mihogo, mahindi au maembe kwa chakula cha njiani.

Tena, si lazima kwenda mbali. Mto ulio karibu nanyi ni kitabu. Pimeni mita 10 ukingoni, tupeni kijiti majini, na mtazame saa: kikipita kwa sekunde 20, maji yaenda nusu mita kila sekunde. Fanyeni hivyo wakati wa kiangazi na wakati wa masika, mlinganishe. Mahali barabara ilipokata kilima, hesabuni matabaka ya udongo. Na ikiwa hata hapo hapafikiki, shule iweke siku moja ya maarifa, imwalike fundi wa mashua, mwashi, muuguzi au mzee ajuaye miti, naye afundishe kwa mikono yake huku wanafunzi wakiuliza na kuandika.

Mwisho, neno kwa ninyi wanafunzi. Chukueni daftari, kalamu na kamba ya kupimia. Msipande juu ya kuta za kale, wala msiinamie visima. Msiokote kigae hata kimoja. Kigae kilichotiwa mfukoni ni kama ukurasa uliochanwa katika kitabu, na wajao nyuma hawatausoma. Wazee walisema, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Ninyi msiende bure: nendeni na swali, mkaokote jibu.