Gari bila daftari: jinsi soko linavyolitambua gari la mfano la Kiitalia

Mnamo Mei 21, 2011, katika mnada uliofanyika Villa Erba, kando ya Ziwa Como kaskazini mwa Italia, magari sita ya karakana moja yaliuzwa siku moja chini ya nyundo ya dalali mmoja. Lamborghini Marzal ya 1967 ndiyo iliyoongoza kwa bei: euro 1,512,000. Iliyoshika mkia ni Lancia Sibilo ya 1978, iliyochukuliwa kwa euro 95,200. Tofauti hiyo ni karibu mara 16.

Yote sita yalikuwa magari ya mfano, yaani yale ambayo hutengenezwa moja tu, au machache sana, ili kuonyesha wazo fulani kwenye maonyesho na si kwa ajili ya kuuzwa dukani. Yote yalitoka kwa Bertone, karakana maarufu ya bodi za magari ya mjini Turin, ambayo wakati huo ilikuwa katika matatizo ya fedha. Marzal na Sibilo zote mbili zilibuniwa wakati Marcello Gandini akiongoza ubunifu pale Bertone. Kwa hiyo karakana ni ileile na mkono ni uleule. Kilichotofautiana ni nembo na historia. Mwaka 1967 Mwana Mfalme Rainier wa Monaco aliiendesha Marzal kuzunguka njia ya mashindano kabla ya Grand Prix ya nchi yake, akiwa na mkewe Grace, na picha za siku hiyo zikasambaa duniani. Sibilo haikupata bahati ya namna hiyo.

Wahenga wa biashara walikwishasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika soko la magari ya mfano msemo huo una maana yake kamili. Gari ambalo hakuna awezaye kusema ni la nani, lilitengenezwa wapi na lilionyeshwa lini, linabaki kuwa chuma na kioo hata likiwa zuri namna gani. Ndiyo maana kazi ya kulitambua gari huja kabla ya kazi ya kulipangia bei.

MASWALI MANNE

Wanaojishughulisha na biashara hii huanza na maswali manne. La kwanza: chini yake kuna mitambo ya nani? La pili: nani alifinyanga bodi? La tatu: nani alichora? La nne: lilionyeshwa wapi, na mwaka gani?

Swali la kwanza ndilo rahisi. Magari mengi ya mfano hayana injini iliyobuniwa kwa ajili yake. Mbunifu huchukua gari la kawaida la kiwandani, huondoa bodi, na kujenga upya juu ya chesisi ileile. Mtu aliyezoea gereji akifungua boneti au akiingia uvunguni atatambua gari mama kwa dakika chache. Namba ya chesisi nayo husema mengi, sawa na inavyosema kwa mnunuzi wa gari la mtumba aliyesimama bandarini.

Swali la tatu ndilo gumu, na ugumu huongezeka pale mchoraji anapokuwa si mtu wa magari. Italia ina wabunifu wengi wa bidhaa za viwandani ambao kazi yao ya kila siku ilikuwa saa, taa, viti na mashine za kuchapa, na ambao waligusa gari mara moja au mbili tu. Mashabiki wa magari hawawajui. Wapenzi wa taa na samani wanawajua, lakini hawana habari kwamba waliwahi kuchora gari. Hivyo kazi zao huangukia katikati, na huko ndiko majina yanakopotelea.

TEKSI YA RANGI YA MACHUNGWA

Mfano mzuri ni gari dogo la rangi ya machungwa lililoonyeshwa Turin mwaka 1968. Mtu akiiona picha yake bila maelezo atababaika. Umbo lake ni la kisanduku kimoja, fupi na lililosimama wima, na vioo vyake ni vikubwa kuliko kawaida ya wakati ule. Mbele hakuna matundu makubwa ya kupitishia hewa. Ajabu zaidi ni milango: upande wa dereva kuna mlango wa kawaida, ilhali upande wa pili kuna mlango mpana wa kuteleza.

Kila alama hapo ni ushahidi. Ukosefu wa matundu mbele unaashiria kwamba injini iko nyuma. Injini ya nyuma katika gari dogo la Kiitalia la miaka hiyo inaelekeza kwa Fiat, na kwa kweli mitambo yake ni ya Fiat 850, gari lililoanza kuuzwa mwaka 1964. Milango isiyolingana inaonyesha kwamba halikuwa gari la familia. Dereva hushukia upande wake, abiria huingia upande wa njia ya waendao kwa miguu, na mlango wa abiria hufunguliwa kwa umeme na dereva akiwa ameketi. Kiti cha mbele cha pembeni hukunjwa ili kupisha mizigo. Kwa ufupi, hii ni ofisi ya dereva wa teksi.

Jina lake ni City Taxi, na aliyelichora ni Pio Manzù.

MKONO WA MANZÙ

Manzù alizaliwa mwaka 1939 Bergamo, mtoto wa mchongaji sanamu mashuhuri Giacomo Manzù. Alisoma Ujerumani, katika shule ya ubunifu ya Ulm, ambako wanafunzi walifundishwa kuanza na mahitaji ya mtumiaji kabla ya kufikiria urembo. Mwaka 1962, akiwa bado mwanafunzi, yeye na wenzake wawili, Michael Conrad na Henner Werner, walishinda shindano la kuchora upya bodi ya Austin-Healey 3000. Gari hilo lilijengwa na Pininfarina na kuonyeshwa London mwaka huohuo.

Nje ya magari, mkono wake unajulikana kwa vitu viwili. Kimoja ni Cronotime, saa ndogo ya mezani yenye umbo la bomba lenye viungo vinavyozungushwa, ambayo baadaye ilitengenezwa na kampuni ya Alessi. Kingine ni wazo la taa inayopanda na kushuka kwenye waya uliovutwa kati ya dari na sakafu. Wazo hilo lilikamilishwa na Achille Castiglioni baada ya kifo cha Manzù, likauzwa na kampuni ya Flos kwa jina la Parentesi, na mwaka 1979 likapata tuzo ya Compasso d'Oro, tuzo kubwa ya ubunifu nchini Italia.

Ukiiweka saa, taa na teksi pamoja, mwandiko ni mmoja. Hakuna pambo. Kila sehemu ina kazi, na sehemu inayosogea ndiyo inayobeba wazo lote: kiungo cha saa, mshiko wa taa, mlango wa teksi. Mtaalamu anayeufahamu mwandiko huo hupata dokezo la jina hata kabla ya kufungua makabrasha.

Lakini mwandiko peke yake hautoshi mbele ya mnunuzi mwenye fedha. Ni lazima ufuatwe na karatasi: orodha ya maonyesho, picha ya magazeti ya mwaka ule, mchoro wenye saini. City Taxi ilibahatika kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na kampuni kubwa yenye kumbukumbu zake.

NI LA NANI?

Kazi nyingine ya Manzù inaonyesha jinsi jambo hili linavyoweza kuchanganya. Mwaka 1965, katika maonyesho ya Frankfurt, lilionekana gari dogo la familia lililoitwa Autonova Fam. Nalo lilikuwa la kisanduku kimoja, na nafasi yake ya ndani iliweza kupangwa upya kwa kusogeza viti.

Waasisi wa mradi huo walikuwa watatu: Manzù, Michael Conrad, na mwandishi wa habari za magari wa Ujerumani, Fritz B. Busch. Mitambo ilitoka kwa Glas, kampuni ya Ujerumani. Bodi ilifinyangwa na Sibona-Basano, karakana ya Turin. Sasa mnunuzi aulize: hili ni gari la Kijerumani au la Kiitalia? Mwenye kuangalia injini atasema Kijerumani. Mwenye kuangalia mabati atasema Kiitalia. Orodha moja ya mauzo inaweza kuliweka chini ya Glas, nyingine chini ya Autonova, na ya tatu chini ya Manzù. Mtafutaji anayechungulia orodha moja tu atalikosa.

Kwa mfanyabiashara, hapo ndipo ilipo faida na ndipo ilipo hatari. Kitu kilichoandikwa chini ya jina lisilo sahihi huuzwa kwa bei ya chini, na anayejua jina sahihi hununua kwa utulivu. Lakini anayedhani anajua, kumbe amekisia, hununua hasara.

MITEGO YA SOKO

Mtego wa kwanza ni rangi. Magari ya maonyesho huweza kupakwa upya yanapohamia jukwaa jingine. Ferrari Modulo ya Pininfarina, inayojulikana sana kwa weupe wake, ilianza mwaka 1970 ikiwa nyeusi. Anayetambua gari kwa rangi anaweza kudhani amegundua gari jingine kabisa.

Mtego wa pili ni gari lililojengwa upya. Kielelezo cha kwanza cha Lamborghini Countach, LP 500 cha 1971, kiliharibiwa katika majaribio ya ajali mwaka 1974. Mwaka 2021 Lamborghini ilionyesha gari jingine lililojengwa upya kwa kufuata picha na nyaraka za zamani, kazi iliyochukua zaidi ya saa 25,000. Kampuni ilitangaza wazi kwamba ni ujenzi mpya, kwa hiyo hakuna aliyedanganywa. Ila kisa hicho kinathibitisha kwamba, mtu akiwa na fedha na picha, gari lililopotea linaweza kurudi. Si kila fundi ataweka tangazo.

Mtego wa tatu ni sheria. Mwaka 2015, baada ya Bertone kufilisika, mkusanyiko uliobaki wa magari na vielelezo zaidi ya 70 uliuzwa kwa pamoja kwa chama cha wamiliki wa magari ya kale cha Italia, ASI, kwa zaidi kidogo ya euro milioni 3.4. Ukijumlisha bei za yale sita ya mwaka 2011 unapata euro 3,640,000. Yaani magari sita yalileta fedha nyingi kuliko zaidi ya 70. Ni kweli kwamba katika mkusanyiko huo yalikuwamo pia magari ya kawaida ya kiwandani. Lakini serikali ya Italia ilikuwa imeuwekea masharti kama urithi wa taifa, kwamba usigawanywe. Mali isiyoweza kuuzwa kipande kimoja kimoja haipandi bei kama mali huru.

NANI ALIFAIDI?

Manzù mwenyewe hakuona soko hilo. Mei 26, 1969 alifariki katika ajali ya barabarani karibu na Turin, akiwa safarini kwenda kuwasilisha kazi yake ya Fiat 127. Alikuwa na umri wa miaka 30. Gari hilo liliingia sokoni mwaka 1971, likatangazwa Gari la Mwaka barani Ulaya kwa 1972, na likauzwa kwa mamilioni. City Taxi haikuwahi kutengenezwa kwa mauzo. Umbo la kisanduku kimoja lenye viti vya kupangwa upya lilikuja kuwa biashara kubwa barani Ulaya baada ya Renault kuleta Espace mwaka 1984, miaka 19 baada ya Autonova Fam.

Haki inataka isemwe kwamba wazo halikuanza kwa Manzù. Fiat yenyewe ilikuwa na 600 Multipla tangu 1956, na gari hilo lilitumika sana kama teksi katika miji ya Italia. Hilo nalo ni somo kwa mtambuzi: anayeandika kwenye tangazo la mauzo kwamba gari lake ni la kwanza la aina yake anapaswa kuombwa ushahidi.

USHAURI KWA MWEKEZAJI MDOGO

Ni wachache wenye euro milioni moja za kuweka kwenye gari lisilokwenda sokoni Jumamosi. Hata hivyo, kanuni ileile inashuka hadi kwenye bidhaa ndogo. Saa na taa za wabunifu hao hao hununuliwa na kuuzwa na watu wa mitaji ya kawaida, na huko pia toleo la awali lenye alama ya kiwanda, boksi lake na risiti hulipwa vizuri kuliko toleo la baadaye lisilo na chochote.

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi adai mambo manne kwa maandishi: asili ya mitambo, jina la karakana, jina la mbunifu, na tarehe ya maonyesho pamoja na picha ya siku hiyo. Akumbuke pia kuuliza kama bei anayotajiwa ni pamoja na kamisheni ya dalali. Zile za Ziwa Como zilikuwa pamoja na kamisheni, na bila hiyo Marzal ilikuwa euro 1,350,000. Jibu moja likikosekana, bei ishuke. Yakikosekana mawili, mfuko ufungwe hadi karatasi zipatikane.