Sura ya 7: Kumchagulia Mtoto Kifaa cha Kupima Sukari Mfululizo

Mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza hana insulini yake mwenyewe. Kinga ya mwili imeziharibu seli za kongosho zinazoitengeneza, na kazi iliyokuwa ikifanyika ndani ya mwili bila mtu kuifikiria sasa imewaangukia mama, baba, bibi na mwalimu. Wao ndio wanaoamua kiasi cha insulini kabla ya chai na chapati. Wao ndio wanaokisia mchezo wa jioni utashusha sukari kwa kiasi gani. Insulini ikizidi, sukari hushuka, mtoto hutetemeka, hutoka jasho na kuchanganyikiwa, na asipopewa kitu kitamu upesi anaweza kupata degedege au kuzimia. Insulini ikipungua, sukari hupanda, ketoni hujaa katika damu, na hali hiyo nayo huua.

Chama cha kimataifa cha kisukari cha watoto na vijana, ISPAD, kinashauri kwamba mtoto asiye na kifaa cha kupima mfululizo apimwe kidoleni mara 6 hadi 10 kwa siku. Familia nyingi za Afrika Mashariki hazina stripu za kutosha kufikia idadi hiyo. Na hata aliye nazo hajui kilichotokea kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi, isipokuwa aamke mwenyewe na kupima.

Hapo ndipo kifaa cha kupima sukari mfululizo kinapoleta msaada wa kweli. Lakini aina ni nyingi, bei ni kubwa, na matangazo husifu kila kitu. Katika sura hii ninasimamia jambo moja: kifaa bora si kile kipya kuliko vyote. Ni kile ambacho mlio wake utamfikia mtu mzima anayeweza kuchukua hatua, na ambacho familia itaweza kukigharimia mwezi wa sita kama ilivyokigharimia mwezi wa kwanza.

Kinavyofanya kazi

Kihisi ni kidude kidogo kinachobandikwa kwenye ngozi, mara nyingi nyuma ya mkono, juu ya kiwiko. Chini yake kuna uzi mwembamba unaopenya milimita chache tu. Uzi huo umepakwa kimeng'enya kinachoitwa glukosi oksidesi. Glukosi ikikutana nacho hutokea umeme mdogo sana, na kifaa huugeuza umeme huo kuwa namba inayosomwa kwenye simu au kwenye kisomeo chake. Kifaa kinachotuma namba kila dakika 5, kama Dexcom, humpa mzazi namba 288 kwa siku.

Uzi huo hauko ndani ya mshipa. Uko katika majimaji yanayozunguka seli, na sukari hufika kwenye damu kwanza, ndipo ifike huko. Kwa hiyo namba huchelewa kwa dakika 5 hadi 10 hivi. Sukari ikiwa imetulia, ucheleweshaji huo hauna madhara. Lakini mtoto aliyetoka kukimbia anaweza kuonekana ana 4.5 mmol/L wakati damu yake imeshashuka chini ya 4. Ndiyo maana kando ya namba kuna mshale unaoonyesha kama sukari inapanda, inashuka au imetulia. Mvuvi haangalii kina cha maji peke yake, huangalia pia kama maji yanajaa au yanakupwa. Mzazi naye asisome namba bila kusoma mshale.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kulipa

Swali la kwanza ni hili: sukari ikishuka saa nane usiku, nani atasikia? Toleo la kwanza la FreeStyle Libre, lililotoka mwaka 2014, halina mlio wa tahadhari. Husoma tu pale mtu anapokisogeza kisomeo karibu na kihisi, na huhifadhi kumbukumbu za saa 8. Mzazi akilala zaidi ya saa hizo, sehemu ya usiku hupotea. Libre 2, Libre 3, Dexcom G6 na Dexcom G7 hulia sukari inaposhuka au kupanda kupita kiwango kilichowekwa. Kwa mtoto mdogo, ambaye hawezi kueleza anavyojisikia, mimi nauhesabu mlio kuwa sharti la lazima. Vifaa hivyo vinaweza pia kutuma namba kwa ndugu walio mbali kupitia intaneti, na hilo ni faraja kubwa kwa mama ambaye mwanawe yuko shuleni. Kama mtoto yuko bweni na simu haziruhusiwi, zungumza na mkuu wa shule na matroni kabla ya kununua, ili ijulikane kisomeo kitakaa kwa nani na nani ataamka kikilia.

La pili ni umri. Dexcom G6 na G7 vimeidhinishwa nchini Marekani kwa watoto kuanzia miaka 2. Libre 2 na Libre 3 zilianzia miaka 4, na matoleo yake ya Plus yanaanzia miaka 2. Eversense, kinachopandikizwa chini ya ngozi na daktari, ni cha watu wazima. Hapa nawaonya wenye ndugu Marekani wanaotaka kusaidia. Stelo na Lingo huuzwa huko bila cheti cha daktari, na ni rahisi kuvinunua na kuvituma nyumbani. Vimekusudiwa watu wazima wasiotumia insulini, na havikuundwa kumwamsha mzazi sukari ya mtoto inaposhuka. Usimwekee mtoto anayechoma insulini.

La tatu ni gharama ya mwaka mzima. Bei ya kihisi kimoja hudanganya. Ukitumia kihisi cha siku 14, utahitaji vihisi 26 kwa mwaka. Ukitumia cha siku 10, utahitaji kama 37. Zidisha bei kwa idadi hiyo, kisha ongeza vichache vya akiba, kwa sababu vingine hung'oka katika mchezo au hukataa kufanya kazi. Hesabu ikikushinda, bado ipo njia yenye maana: kuvaa kihisi kimoja kwa wiki mbili kabla ya kwenda kliniki. Daktari ataona usiku sukari inaelekea wapi na baada ya uji inapanda kiasi gani, atarekebisha insulini, nawe utarudi kwenye stripu ukiwa na dozi iliyo sahihi zaidi.

La nne ni simu. Programu za vifaa hivi hazikubali kila simu, na baadhi hazipatikani katika kila nchi. Kihisi kilichonunuliwa Ulaya huenda kikakataa programu iliyopakuliwa Nairobi au Dodoma. Hakikisha programu imeingia kwenye simu yako na inafunguka kabla hujatoa fedha. Ikiwa simu ni ya kushirikiana au haikai na chaji, nunua aina yenye kisomeo chake.

La tano ni joto na ngozi. Maboksi mengi ya vihisi hutakiwa kuhifadhiwa pasipozidi nyuzi 28 au 30 za Selsiasi. Mombasa, Dar es Salaam na Tanga hupita hapo mara nyingi, kwa hiyo muulize muuzaji ameviweka wapi na vimesafiri vipi. Jasho nalo hulegeza gundi. Safisha ngozi, iache ikauke kabisa, kisha zungushia plasta ya kuongeza nguvu. Gundi za baadhi ya vihisi huwasha ngozi na kuleta vipele, basi jaribu kihisi kimoja kabla ya kununua boksi la miezi mitatu.

La sita husahaulika mara nyingi, nalo ni dawa nyingine anazotumia mtoto. Katika nchi zetu wapo watoto wenye selimundu pamoja na kisukari. Hidroksiyurea, dawa inayotumika kwa selimundu, huzifanya Dexcom na Guardian ya Medtronic zionyeshe sukari iliyo juu kuliko ilivyo kweli. Mzazi anaweza kuongeza insulini wakati mtoto anahitaji sukari. Kwa watoto hao kipimo cha HbA1c, yaani cha wastani wa sukari wa miezi iliyopita, nacho hupotosha, hivyo daktari lazima ajue mapema. Parasetamoli huinua namba za Guardian, na vitamini C kwa wingi huinua za Libre. Soma karatasi iliyo ndani ya boksi, na mwambie daktari kila dawa mtoto anayotumia.

Baada ya kukivaa

Usiitupe glukometa, mashine ya kupimia kidoleni. Pima kidoleni mtoto anapoonyesha dalili zisizolingana na namba, saa za kwanza za kihisi kipya, na kila unapotia shaka. Mtoto akilalia mkono wenye kihisi, mgandamizo unaweza kuonyesha sukari imeshuka ilhali haijashuka. Mgeuze, subiri kidogo, kisha thibitisha kwa kidole.

Usimkaripie mtoto kwa sababu ya namba. Lengo linalokubalika kimataifa ni kuwa kati ya 3.9 na 10 mmol/L kwa angalau asilimia 70 ya muda. Kwa hiyo hata mtoto anayeendelea vizuri sana atakuwa nje ya mipaka hiyo kwa saa kadhaa kila siku. Mtoto anayegombezwa kila simu inapolia atakiondoa kihisi au kukificha, na hapo fedha na usalama vimepotea pamoja.

Mwisho, shika mpangilio huu na usiuvunje: insulini kwanza, stripu za pili, kihisi cha tatu. Ukiwa na fedha ya kihisi kimoja tu na stripu zimekwisha nyumbani, nunua stripu.