Kisimbuzi na Kifurushi: Juu ya Uhuru wa Mnunuzi wa Mpira wa Televisheni

Yako maneno mawili ambayo kila mwenye nyumba mjini ayajua leo, na ambayo babu zetu wasingaliyaelewa kwa maana hii. La kwanza ni kisimbuzi, ambacho wengine hukiita king'amuzi. La pili ni kifurushi. Makusudi ya makala haya ni kuyatazama maneno hayo, si kwa ajili ya asili yake tu, bali kwa sababu naona ya kuwa yatueleza hali ya soko la mpira wa televisheni kwa ukweli zaidi kuliko matangazo ya wauzaji wenyewe.

King'amuzi latokana na kitenzi kung'amua, yaani kulitambua jambo lililofichika. Kisimbuzi latokana na kusimbua, yaani kufungua ujumbe uliofungwa kwa msimbo. Yote mawili yameundwa kwa kanuni ile ile iliyotupa kinyozi kutoka kunyoa na mnunuzi kutoka kununua, ila hapa mtendaji ni chombo, wala si mtu. Katika Tanzania watu wengi walikijua chombo hiki kwa lazima, baada ya mitambo ya analojia kuanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Hatuna haja ya kugombana juu ya lipi kati ya majina hayo ni bora. Yatosha kusema ya kuwa yote mawili yakiri jambo moja: kitu kimefichwa kwanza, ndipo kikauzwa.

Neno kifurushi ndilo lenye utajiri zaidi. Furushi ni mzigo wa nguo au vitu vilivyokusanywa na kufungwa pamoja, na mtu aliyekabidhiwa furushi hulichukua lote kama lilivyofungwa. Muuzaji wa televisheni alipolichukua neno hili, bila shaka alitaka kuonyesha wingi na unafuu. Lakini lugha haisahau upesi. Mtu apendaye mechi za mpira peke yake hufungiwa humo tamthilia, katuni, mapishi na mahubiri, naye hana ruhusa ya kulegeza fundo.

Sasa huulizwa: je, wauzaji si wengi? DStv ipo tangu miaka ya 1990. StarTimes ya Wachina iliingia kwa bei ya chini. Azam TV ilianza mwaka 2013, na kuishika Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Msomaji aweza kudhani ya kuwa palipo na wauzaji watatu pana uhuru wa kuchagua. Hivyo ndivyo ilivyo kwa unga na sabuni. Unga wa duka hili ukipanda bei, mtu hununua wa duka la pili, na chakula hakibadiliki. Mpira hauko hivyo. Mechi ya Simba na Yanga haina mfano wake katika duka la pili. Anayeitaka hana budi kwenda kwa aliyenunua haki za kuitangaza, na haki hizo huuzwa kwa mmoja tu. Mwaka 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania na Azam Media walitia saini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Mashindano ya wauzaji, kwa hiyo, hufanyika siku ile ya mnada, mbele ya wenye ligi. Yakiisha, kila muuzaji ni mfalme katika shamba lake, na mtazamaji apendaye Ligi Kuu ya nyumbani pamoja na ile ya Uingereza huweka madishi mawili juu ya bati moja na kulipa mara mbili kila mwezi.

Waingereza walilijua jambo hili kabla yetu. Tangu 1992 mechi za ligi yao zilizoonyeshwa moja kwa moja zilikuwa mikononi mwa BSkyB. Tume ya Ulaya ikaona si haki, ikasisitiza ya kwamba mnunuzi mmoja asichukue mafungu yote sita ya mechi. Hivyo katika msimu wa 2007 Setanta ikapata mafungu mawili, na BSkyB manne. Wanasheria walifurahi. Mashabiki, ambao hapo kwanza walilipa mahali pamoja, wakatakiwa sasa kulipa mahali pawili, na Setanta yenyewe ilianguka Juni 2009. Afrika nako, katika mwaka huo huo wa 2007, GTV ilijitokeza kushindana na DStv, ikanunua sehemu kubwa ya mechi za ligi ya Uingereza na kuuza kwa bei nafuu. Mwishoni mwa Januari 2009 ilifunga milango ghafla, ikawaachia wateja wake visimbuzi visivyoweza kusimbua kitu.

Mtu asije akafikiri kwamba nawatetea walio peke yao sokoni. Ligi inayomtegemea mnunuzi mmoja imo hatarini pia, kama Wakenya walivyoona mwaka 2017, SuperSport ilipojitoa katika ligi yao kwa ugomvi juu ya idadi ya timu, na vilabu vikabaki bila fedha ile. Ninachosema ni kwamba kuhesabu wauzaji hakutoshi. Swali la haki ni hili: je, mnunuzi aweza kununua kile tu anachokitaka?

Mahali nilipopata kuona jambo hilo likitendeka ni katika kibanda umiza cha mtaani kwetu. Ni chumba chenye mabenchi, feni mbovu na televisheni mbili, na nyuma yake visimbuzi vya kampuni mbalimbali vimepangwa kama vitabu. Nilimwuliza mwenyewe kwa nini watu wenye televisheni nyumbani huja kwake. Alinijibu, “Mwalimu, mimi siuzi kifurushi, nauza mechi.” Jibu lile ni la mchumi. Yeye hulipa mafurushi yote, huyafungua, kisha huuza yaliyomo moja moja, kwa sarafu ambayo kijana wa bodaboda anayo mfukoni. Ukali wa jina la kibanda, kwa kuwa huumiza kwa joto na msongamano, haujawafukuza wateja.

Sheria haimtazami kwa jicho jema, maana malipo ya nyumbani hayatoi ruhusa ya kufanyia biashara. Lakini si yeye peke yake aliyepata kufikishwa katika swali hili. Mama mmoja mwenye baa mjini Portsmouth, Uingereza, alionyesha mechi za ligi ya kwao kwa kadi ya kisimbuzi cha Ugiriki, kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi. Alishitakiwa, na kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Ulaya, ambayo mwaka 2011 iliamua kwamba kuzuia matumizi ya kadi za nchi nyingine ya Umoja ni kinyume cha uhuru wa biashara. Ila ikaongeza ya kuwa nembo na muziki wa ufunguzi ni mali ya ligi, na kuvionyesha hadharani kwataka idhini. Mwaka 2012 hukumu dhidi yake ilifutwa. Wahindi wamekwenda kwa njia nyingine: tangu 2019 kanuni zao humlazimu muuzaji kutangaza bei ya kila chaneli, ili mteja aweze kuchukua moja bila kulazimishwa furushi. Hiyo bado si mechi moja moja, lakini fundo limelegea.

Liko jambo moja ambalo mashindano yamemfaidia mtazamaji wetu waziwazi, nalo ni lugha. Haki ya mechi yaweza kununuliwa na mmoja, Kiswahili hakiwezi. Azam TV ilipowazoesha watu kusikia mpira wa televisheni kwa lugha yao, ilikuwa vigumu kwa wengine kuendelea kuuza picha yenye Kiingereza kitupu, na DStv nayo ikaongeza sauti ya Kiswahili katika baadhi ya mechi za Ulaya. Mtangazaji wa redio alilazimika kutuchorea uwanja mzima kwa maneno. Huyu wa televisheni asema na mtu aonaye, kwa hiyo hana haja ya kueleza mpira uko wapi, naye hujaza nafasi kwa mafumbo, utani na majina ya kubuni. Hapo ndipo kuotea na ofsaidi, kipa na mlinda mlango, yanapogombania wasikilizaji bila mkataba wa mtu yeyote.

Septemba 2025 Canal+ ya Ufaransa iliitwaa MultiChoice, mwenye DStv. Canal+ ilikuwa tayari ikiuza visimbuzi vyake Rwanda, Burundi na Kongo, kwa Kifaransa. Sasa mtazamaji wa Bukavu na yule wa Mwanza, wanaosema lugha moja, ni wateja wa nyumba moja. Sauti ya Kiswahili iliyokwisha kulipiwa kwa ajili ya Mwanza haihitaji gharama kubwa kufika Bukavu, na wachunguzi wa lugha tuna sababu ya kusikiliza kama itafika.