Mazoezi ya unyumbufu na msawazo

Mazoezi ya unyumbufu na msawazo ni mazoezi ya viungo yanayouwezesha mwili kupinda, kunyooka na kugeuka bila shida, na kusimama au kutembea bila kuyumba. Unyumbufu ni uwezo wa kiungo, kama vile goti, bega au nyonga, kufanya mwendo wake wote bila maumivu. Msawazo, ambao watu wengi huuita balansi, ni uwezo wa kuuweka uzito wa mwili juu ya miguu bila kuanguka, mtu awe ametulia au anatembea.

Mambo hayo mawili ni sehemu ya utimamu wa mwili pamoja na pumzi, nguvu na ustahimilivu wa misuli. Hata hivyo ndiyo yanayosahauliwa zaidi. Pumzi hupimwa kwa kukimbia na nguvu kwa kubeba mzigo, lakini upungufu wa unyumbufu au msawazo huweza kujificha kwa miaka hadi siku mtu anapoteleza. Mfano mzuri ni mkoa wa Njombe katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, ambako watu wengi wana mapafu na misuli iliyozoea milima, na bado kuanguka kunaweza kumwondoa mtu kazini moja kwa moja.

Jinsi unyumbufu unavyofanya kazi

Mwendo wa kiungo hutegemea umbo la mifupa inayokutana, ligamenti zinazoifunga mifupa hiyo pamoja, na misuli na kano zinazokizunguka kiungo. Umbo la mifupa halibadiliki kwa mazoezi. Kinachobadilika ni misuli, kano na namna mfumo wa neva unavyoupokea mvuto.

Ndani ya msuli kuna vipokezi vinavyohisi kuvutwa. Msuli ukivutwa kwa ghafla, vipokezi hivyo huufanya ujikaze ili usichanike. Ukivutwa polepole na kushikiliwa, ukinzani hupungua na mtu huzoea kufika mbali zaidi. Ndiyo sababu mkufunzi huwakataza wanafunzi kurukaruka wanapoinama kugusa vidole vya miguu.

Kunyoosha misuli kuko kwa namna kuu mbili:

- Kunyoosha kwa kutulia: mtu hufika mwisho wa mwendo wake na kubaki hapo kwa sekunde 10 hadi 30, akirudia mara 2 hadi 4. Hufaa zaidi baada ya mchezo au kazi.
- Kunyoosha kwa mwendo: mtu huzungusha mikono, hurusha miguu mbele na nyuma au hutembea kwa hatua ndefu za kuinama. Hufaa kabla ya mchezo, kwa sababu hupasha mwili joto.

Kushikilia msuli mmoja kwa zaidi ya dakika moja kabla tu ya kukimbia kwa kasi au kuruka hupunguza nguvu yake kwa muda mfupi. Kwa hiyo mpangilio ni muhimu sawa na zoezi lenyewe.

Jinsi msawazo unavyofanya kazi

Ubongo hupokea habari za msawazo kutoka sehemu tatu: macho, sikio la ndani, lenye mifereji mitatu ya nusu duara iliyojaa majimaji yanayosogea kichwa kinapogeuka, na vipokezi vilivyomo katika nyayo, viungo na misuli. Ubongo mdogo, ulio nyuma ya kichwa, huzilinganisha habari hizo na kuiagiza misuli ijirekebishe.

Msomaji anaweza kujionea hilo. Asimame karibu na ukuta kwa mguu mmoja akiwa amefumbua macho, kisha ayafumbe. Kifundo cha mguu kitaanza kutetemeka mara moja, kwa kuwa ubongo umepoteza chanzo kimoja kati ya vitatu.

Baada ya miaka 50 vyanzo vyote vitatu hudhoofika taratibu, na misuli ya miguu hupungua. Utafiti wa Brazil uliochapishwa mwaka 2022 uliwafuatilia watu 1,702 wenye umri wa miaka 51 hadi 75. Takriban mmoja kati ya watano alishindwa kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde 10, na walioshindwa walikufa kwa wingi zaidi katika miaka iliyofuata. Hiyo haimaanishi kwamba kusimama kwa mguu mmoja huzuia kifo. Maana yake ni kwamba msawazo huonyesha hali ya mwili mzima.

Kazi na mwili katika Njombe na Makambako

Makambako iko kwenye njia panda ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Zambia na barabara ya kwenda Songea, na ina stesheni ya reli ya TAZARA. Mji wa Njombe uko kilomita zipatazo 60 kusini yake. Kazi za wakazi wa eneo hilo huujenga mwili kwa namna tofauti, na kila kazi huacha pengo lake.

Mkulima wa viazi au mchumaji wa chai hufanya kazi nyingi akiwa ameinama, hivyo mgongo wake hukaa umepinda mbele kwa saa nyingi. Anahitaji mazoezi ya kunyoosha kifua na kuurudisha mgongo nyuma. Mbeba mbao ana nguvu nyingi, lakini mara nyingi hutumia bega lilelile, na upande mmoja hukaza kuliko mwingine. Dereva wa lori au basi anayepitia Makambako hukaa muda mrefu magoti yakiwa yamekunjwa. Misuli ya mbele ya nyonga na ya nyuma ya paja hukaza, na maumivu ya kiuno hufuata. Mwenye duka anayekaa kutwa hupatwa na hali kama hiyo.

Zipo pia desturi zinazohifadhi uwezo huo bila kuitwa mazoezi. Kuchuchumaa chooni au mbele ya mafiga huhifadhi mwendo wa nyonga, magoti na vifundo vya miguu. Kubeba ndoo kichwani kwenye njia ya mteremko kunadai shingo iliyonyooka na hatua zenye uhakika. Watoto wanaoruka kamba, au wanaoruka kwa mguu mmoja katika miraba iliyochorwa chini, hujifunza msawazo wakicheza. Jiko la kupikia kwa kusimama, bomba la maji nyumbani na choo cha kukalia ni maendeleo mazuri, ila vinaondoa sehemu ya mazoezi hayo, na inabidi yatafutiwe nafasi nyingine.

Hali ya hewa nayo huchangia. Asubuhi za Juni hadi Agosti joto la Njombe huweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na misuli baridi hukaza zaidi. Kutembea haraka kwa dakika 5 hadi 10 kabla ya kunyoosha ni jambo la lazima huko kuliko pwani. Wakati wa mvua, njia za udongo kwenye miteremko huteleza, na hapo msawazo hupata mtihani wake.

Wanafunzi na wachezaji

Mchakamchaka wa asubuhi, unaojulikana katika shule nyingi za Tanzania, hujenga pumzi na umoja lakini haunyooshi misuli wala haufundishi msawazo. Dakika 10 za nyongeza zinaweza kuziba pengo hilo, tena bila kifaa chochote.

Kwa wachezaji, faida imepimwa. FIFA ilishiriki kuandaa programu ya kupasha mwili iitwayo 11+, yenye mazoezi 15 ya kukimbia, nguvu, kuruka na kusimama kwa mguu mmoja, inayochukua dakika 20 hivi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu wasichana 1,892 wa Norway wenye umri wa miaka 13 hadi 17 ulionyesha kwamba majeraha yalikuwa pungufu kwa karibu theluthi moja katika timu zilizoitumia. Programu hiyo haihitaji zaidi ya mpira na uwanja, kwa hiyo inawezekana kwa timu ya shule inayojiandaa na UMITASHUMTA au UMISSETA.

Wazee na hatari ya kuanguka

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 kati yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Walio hatarini zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60, umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 inautambua kuwa mwanzo wa uzee.

Mzee akivunjika nyonga, kwa kawaida huhitaji upasuaji usiofanyika katika zahanati ya kijiji. Katika Njombe gharama haiishii kwake. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta kwamba mkoa huo ndio wenye maambukizi makubwa zaidi ya VVU nchini, takriban asilimia 12.7 ya watu wazima. Kwa sababu ya vifo vya miaka iliyopita, zipo kaya ambazo bibi ndiye anayelea wajukuu, anayelima na anayepika. Bibi huyo akilala kitandani miezi mitatu, kaya nzima hulala naye.

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inawashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya msawazo na nguvu angalau siku tatu kwa wiki. Mpango rahisi wa nyumbani ni huu:

1. Kusimama nyuma ya kiti kizito, kukishika na kuinua mguu mmoja kwa sekunde 10, kisha mwingine. Mtu akizoea, ashike kwa kidole kimoja.
2. Kuinuka kutoka kwenye kiti na kukaa tena mara 10 bila kujisukuma kwa mikono.
3. Kutembea hatua 10 kando ya ukuta, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine.
4. Kuegemea ukuta kwa mikono, mguu mmoja ukiwa nyuma na kisigino chini, ili kunyoosha shavu la mguu kwa sekunde 30.

Tahadhari

Kunyoosha kunapaswa kuleta hisia ya mvuto, si maumivu makali. Mtu mwenye kizunguzungu, aliyewahi kupata kiharusi, au aliyevunjika mfupa hivi karibuni aonane na mhudumu wa afya kwanza. Mzee asianze mazoezi ya msawazo akiwa peke yake, wala juu ya sakafu yenye maji, wala amevaa kandambili. Na mazoezi pekee hayatoshi: mwanga usiku, njia ya chooni isiyo na vizuizi, na miwani inayofaa huzuia kuanguka pia.